Filamu Bubu ya Berea

Bahati tulimzika Alhamisi iliyopita. Aliyenipigia simu kunipa habari ni mkewe, Maman Neema, na hakulia. Alisema tu, "Shemeji, ndugu yako ameenda. Matanga iko hapa nyumbani, Turffontein. Ukuye." Nilikuwa dukani kwangu Fordsburg, mkasi mkononi, mteja mbele yangu anasubiri nimkatie kitambaa cha mapazia. Nikamkatia, nikakunja, nikamfungia, nikamshukuru. Kisha nikaingia stoo nikakaa juu ya majora ya nguo mpaka saa ya kufunga duka. Watu wa hapa wanajua kwamba mimi na Bahati tuliishi nyumba moja ujanani, na wanachokijua hakizidi hapo. Katika miaka yote hiyo nilikwenda kwake labda mara sita, kila mara na zawadi kubwa kuliko ilivyopasa, na kila mara nikaaga chai ikiwa bado ya moto. Alikuwa amebaki na jicho moja, na mguu wa kulia haukukunjika. Hakuwahi kuniuliza kwa nini sikai.

Mwaka ninaotaka kuusema ni wa kwanza wangu hapa Johannesburg. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimesimama siku ya tatu katika foleni ya karatasi za ukimbizi, na nilikuwa nimeanza kuongea peke yangu kwa njaa. Mtu aliyekuwa mbele yangu aligeuka. Mrefu, shati limepigwa pasi, mfukoni ana kalamu mbili kama mwalimu. "Weye ni wa wapi?" Nikamwambia jina langu ni Mbwana, kwetu Tanga. "Mi sijui Tanga," akasema, "lakini unaongea kama redio." Jioni ile alinichukua mpaka Berea, ghorofa ya saba, lifti imekufa zamani, na alipofungua mlango akamwambia mkewe, "Maman Neema, nimeleta redio." Mwanamke aliyekuwa anamsuka mteja kwenye kigoda akainua kichwa, akanitazama viatu, akanitazama mbavu, akacheka. Kicheko chake kilianzia chini kama mtu anayesafisha koo, halafu kikapasuka. Watu wa ngazini walikijua. Niliwahi kumsikia jirani akisema yeye hahitaji kuuliza kama Mama Neema yupo, anasimama tu ghorofa ya nne anasikiliza.

Nyumba ile ilikuwa ya familia nne. Bahati, mkewe na mtoto wao Neema, ambaye ndiyo kwanza anatambaa, walikuwa na sebule, na sebule waliigawa kwa pazia la kitenge. Nyuma ya pazia nikapata godoro langu, chini ya dirisha lenye kioo kilichozibwa kwa kadibodi. Tulikula mara moja kwa siku, saa kumi, ili kiwe chakula cha mchana na cha jioni kwa pamoja: bugali wa unga wa hapa, ule wanaouita papu, na sombe, kisamvu chao, iliyopikwa bila mafuta, na dagaa wa sambaza kama kuna mtu kaja na mfuko kutoka Bukavu. Maman Neema alikuwa anakula mwisho, amesimama, anakwangua sufuria. Asubuhi nilishuka Fordsburg kuulizia kazi duka hata duka, nikarudi jioni na lile lile neno la kesho. Usiku niliwasikia kupitia kitenge. "Bahati, huyu mutoto wa batu anakonda." "Na weye je?" "Mi ni mwanamke, mi nabeba." Kisha Bahati angesema kitu cha chini chini ambacho sikukipata, na kile kicheko kingetoka kimefinywa ndani ya mto ili nisiamke. Nami nilikuwa macho, uso ukutani, nafikiria nirudi kwetu na nini, na mikono hii mitupu. Ndivyo nilivyojua kwamba mtu anaweza kukosa kila kitu akabaki na mwenzake wa kucheka naye gizani. Sikuwa na hata hicho. Niliwaonea wivu, na ni vizuri niliseme hilo mapema.

Chini ya jengo, mahali ambapo zamani watu waliegesha magari, Mrundi mmoja aitwaye Nestor alikuwa na mgahawa. Viti vya plastiki, meza nne, sufuria ya maharage isiyotoka jikoni, na televisheni kubwa iliyofungwa kando ya mlango wa chuma kwa sababu soketi iliyofanya kazi ilikuwa hiyo moja tu. Nilimwambia Nestor kwamba kwetu nilifanya kazi kwenye banda la video, natia maneno ya Kiswahili juu ya filamu za Kichina. Akanituma Fordsburg nikamnunulie diski za karate. Nikarudi nazo tatu. Moja, kwenye jalada kulikuwa na mtu anaruka na upanga, lakini tulipoiweka tukaona kitu kingine kabisa: picha nyeusi na nyeupe, imekwaruzwa, mji mdogo wa vumbi wa Wamarekani wa zamani, watu wote wana kofia, wamekaa nyuma ya uzio wa mbao wanatazama wenzao wakicheza besiboli. Hakuna sauti. Midomo inakwenda, watu wanapiga kelele, na husikii kitu. Mara moja moja yanatokea maandishi, kisha wanaendelea kukimbia. "Imekufa sauti," watu wakalalamika. "Nestor, toa hiyo takataka." Ni Bahati aliyesema, akiwa ameegemea nguzo na sare yake ya ulinzi, "Muache. Mbwana, si weye redio? Uitie maneno."

Besiboli sikuijua. Hakuna aliyeijua pale. Niliona mtu mmoja mnene mwenye sharubu anarusha mpira, na mwingine mwembamba, suruali kaifunga kwa kamba, kofia imemfunika masikio, kashika rungu anangoja. Nikaanza kubuni. Yule mnene nikamfanya mwenye nyumba aliyekuja kumtoa mpangaji. Mwamuzi aliyekalia ndoo nikamfanya askari wa barabarani anayeomba karatasi. Mwembamba anafukuza nyuki kwa rungu lake, kwa bahati tu anaugonga mpira, unapita uzio, unatumbukia kwenye mkokoteni wa muuza maziwa, mbwa anaudaka mdomoni na kukimbia nao, na mji mzima unamfuata mbwa, bibi harusi yumo, mchungaji yumo, na mwembamba anazunguka kutoka kigunia hadi kigunia, vile vilivyolazwa kwenye pembe za uwanja, akishikilia suruali. Watu walikuwa wananiuliza kwa hasira kabisa, "Sasa anakimbilia wapi? Mbona anazunguka?" Nikawaambia anarudi pale alipoanzia, wakimgusa njiani amekwisha, akifika ameshinda. Bahati akatikisa kichwa. "Kumbe huyu anataka tu kurudi kwao," akasema. Ukumbi ukalia kwa kucheka, Wakongo, Warundi, Watanzania, na juu ya vicheko vyote nikasikia kicheko cha Maman Neema kikipasuka. Tangu siku hiyo kila Jumapili alasiri Nestor aliiweka. Nilipata sahani ya maharage kwa kazi hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka nilikuwa mtu wa maana.

Kisha mambo yakaharibika. Sitaki kuyapamba. Wateja wa Maman Neema walipungua, maana waliokuwa wanakuja kutoka mitaa mingine waliogopa kuja. Karatasi yangu ilikataliwa. Kwenye kona za barabara vijana walisimama makundi makundi wakiwatazama watu mikono na nywele, wakiuliza kwa Kizulu jina la kiwiko ili wamjue mgeni, na mimi nilikuwa nalirudia neno hilo ngazini kama dua, nikijua kwamba hata nikilikumbuka ulimi utanisaliti. Tulisikia mtaa fulani maduka yamechomwa. Kisha mtaa wa karibu zaidi. Maman Neema akawa anambeba mtoto mgongoni kutwa nzima humo ndani, hata anapopika, hata anapokwenda chooni, ili likitokea la kutokea asipoteze muda wa kumtafuta. Mfuko wenye nguo na vyeti ulikaa mlangoni. Bahati alikuwa analinda ghala huko Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Ijumaa ya wiki ile mwenzake wa kumpokea hakufika. Jumamosi hakufika. Alipiga simu Jumamosi asubuhi akasema simu inakufa, atakuja kwa miguu akipata nafasi, tumfungie mtoto vizuri. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwetu akiwa na macho mawili.

Jumapili mchana tulisikia filimbi. Kutoka dirishani, kupitia ufa wa kadibodi, niliona watu wanapanda mtaa wetu na fimbo na mabomba ya chuma, wanaimba, hawana haraka. Nestor akapita mlango hata mlango, akawashusha wote waliokubali kushuka, tukawa kama watu thelathini ndani ya ule ukumbi wa chini, robo yetu watoto. Akafunga mlango wa chuma kwa komeo mbili. Akasema: anayekuja wa kwetu atagonga mara tatu, atataja jina lake, na mimi niliyekaa jirani na mlango nisikilize. Kazi hiyo alinipa mimi. Watoto wakaanza kulia, mmoja akimwambukiza mwingine, na akina mama wakawaziba midomo kwa viganja mpaka nikaogopa watawamaliza pumzi. Nestor akanishika bega. "Mbwana, tia ile filamu. Watu watapasuka roho humu." Nikaitia. Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ikatoka. Mwenye nyumba na sharubu zake, askari na ndoo yake. Mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Nikairudisha mwanzo, nikaongeza chumvi, na safari hii mtoto mmoja akacheka, kisha mama yake, kisha ikawa kama bomba limepasuka. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, wameshikana mikono. Hakikuwa kicheko cha furaha. Maman Neema alikuwa kiti cha mbele, Neema mgongoni, hajui mumewe yuko wapi, na alicheka kuliko wote, kwa sauti ya juu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mtu anayetapika.

Mbwa alikuwa ameshaudaka mpira pale niliposikia mlango. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Haikuwa hodi ya mara tatu. Vilikuwa viganja, mfululizo, kwenye chuma. Niliwatazama watu: macho yao yalikuwa kwenye televisheni, hakuna aliyegeuka. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuinua mkono wakanyamaza wote, tukasikiliza. Nikafikiri: ni wao, wakisikia watoto wataingia, watu hawa wakijua kuna mtu mlangoni watakanyagana. Hayo niliyafikiri kweli, sikuyatunga baadaye. Lakini pamoja nayo nilisikia sauti, na sauti ile ilikuwa ya Kiswahili, na ilikuwa inaita jina langu. "Mbwana." Kisha tena, "Mbwana, we Mbwana." Miguu yangu haikusogea. Nikapaza sauti. Nikapiga kelele juu ya kelele, "Kimbia, kaka, kimbia, nyumbani ni pale, wamekukaribia!" na watu wakapiga makofi, na mwembamba akakimbia na suruali yake mkononi, na mlango nyuma yangu ukanyamaza.

Filamu ilipokwisha Nestor aliisimamisha, na ndipo wote tukasikia kwamba nje mwanamke alikuwa anafoka kwa Kizulu. Alikuwa bibi wa nyumba ya ng'ambo, aliyekuwa anauza mahindi ya kuchoma, na sikuwahi hata kumsalimia. Alikuwa amesimama katikati ya wale vijana na mtu aliyelala chini, anawatukana kwa majina ya mama zao, na alikuwa amevua blanketi lake la begani akamfunika yule mtu. Wakaondoka mmoja mmoja. Tulipofungua mlango, kiatu cha Bahati kilikuwa hapo hapo kizingitini. Maman Neema hakupiga ukelele. Alimfungua mtoto mgongoni, akanikabidhi mimi, akaenda akapiga magoti kwenye lami. Nilisimama na Neema mikononi, ananivuta sikio, anataka nimchezee.

Bahati alikaa hospitali miezi miwili. Nestor aliniuliza mara moja tu, mbele ya watu, "Hukusikia kitu?" Nikasema, "Kwa kelele zile?" Kila mtu akatikisa kichwa kwamba ni kweli, kwa kelele zile nani angesikia. Wiki ya tatu nilipata kazi ya kubeba majora Fordsburg na mwenye duka akanipa pa kulala. Nikawaambia nahama kwa sababu ya kazi. Maman Neema alinifungia bugali kwenye mfuko wa plastiki nile njiani. Mengine ya maisha yangu, duka, ndoa, watoto wanaonijibu kwa Kiingereza ninapowasemesha, yalijengwa juu ya mwaka huo kama nyumba inavyojengwa juu ya shimo la choo lililofukiwa. Haianguki. Ila mwenye nyumba anajua asimame wapi.

Jumamosi, siku mbili baada ya maziko, nilirudi Turffontein kwenye matanga. Wanaume walikuwa sebuleni na uani, wanawake jikoni, sufuria kubwa za wali zinachemka. Maman Neema aliniita chumbani. Alikuwa amekonda, kitambaa cheusi kichwani, miguu imevimba. Tukakaa ukingoni mwa kitanda ambacho Bahati alikifia, akafunga mlango.

"Shemeji," akasema, "nikuambie kitu. Weye ulituona mwanzo, utanielewa. Alipotoka hospitali, swali la kwanza aliniuliza: ulikuwa unacheka nini? Alisikia. Alikuwa mlangoni, banamupiga, na anasikia mi nacheka. Nikamwambia sikujua. Akasema, ndiyo, hukujua. Lakini kila mwaka anauliza tena. Hata mwezi uliopita, hawezi kumeza maji, aliniuliza. Na batu ba kanisa banajua. Banasema ni yule mama alicheka bwana yake akiuawa. Bateja bangu balienda kwa sababu hiyo. Mi tangu siku ile sijacheka mbele yake, shemeji. Hata Neema alipozaa."

Nilimuuliza, na sijui kwa nini nilitaka kujua, "Na mimi, alisema nini juu yangu?"

"Weye? Alisema Mbwana alikuwa anaongea. Mutu anayeongea hawezi kusikia. Hakuwahi kukulaumu. Alikuwa anakupenda."

Nilitazama dawa zilizopangwa mezani. Nikasema, "Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Mlango. Nilimsikia. Aliita jina langu."

Hakuelewa, au alikataa kuelewa. Nikarudia. Nikamweleza yote kama nilivyoyaandika hapa, viganja, sauti, jinsi nilivyoangalia kama kuna mwingine aliyesikia, jinsi nilivyopaza sauti. Alinisikiliza mikono mapajani. Jikoni mtu aliangusha kifuniko na wanawake wakagombana kidogo.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Nini?"

"Jina lako. Aliita mara ngapi?"

"Mara mbili."

Nilitegemea atanipiga, na ningeshukuru. Badala yake aliinuka, akafungua mlango, akamwita Neema. Akaja mwanamke mtu mzima, ana mtoto kiunoni, mrefu kama baba yake. Anaelewa Kiswahili chote lakini kukisema hawezi. "Mwambie na huyu," mama yake akaniambia. Nikamwambia. Neema alinitazama bila kupepesa, kisha akasema kitu kwa Kizulu, taratibu, ambacho sikukielewa, na mama yake hakunitafsiria.

"Sasa tuende sebuleni," akasema Maman Neema.

"Shemeji, tafadhali."

"Batu bote banajua nilicheka. Bako pale. Nestor iko, wamama ba kanisa bako. Weye ni fundi wa kusimulia." Hakupandisha sauti. "Usimame, useme. Polepole, basikie bote."

Nikatoka. Alinisimamisha kati ya kabati na picha ya marehemu iliyowekewa maua, akawaomba watu wanyamaze, akasema ndugu yao kutoka Tanga ana neno. Wakaniangalia kwa upole, wakidhani ninataka kumsifu marehemu. Nestor, kichwa cheupe sasa, alinipungia mkono nianze. Nilianza vibaya, nikakwama, nikaanza tena. Nilipofika kwenye mlango nilimuona Nestor akiinamisha uso. Mama mmoja wa kanisa aliweka mkono mdomoni, akageuka kumtazama Maman Neema, na hakuondoa macho kwake mpaka mwisho.

Nilipomaliza sikuambiwa niombe radhi, wala sikuomba. Lilionekana neno dogo mno hata kwangu mwenyewe. Maman Neema aliinuka akaingia jikoni, akarudi na sinia la wali na nyama, akaanza kuwagawia wageni kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, kuanzia kwa Nestor. Aliponifikia alinipita, akampa aliyekaa kando yangu. Mlango wa nje ulikuwa wazi na hakuna aliyenizuia kuondoka. Nilikaa pale pale, mikono magotini, mpaka watu wote wakala wakamaliza.